Nilipowapasha Moto Samaki wa Bibi Ferdinanda

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka ule watu wa mabondeni walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara ya kwenda Laela, bibi mmoja alikataa kupanda lori mpaka samaki wake wapande kwanza.

Kaa vizuri, mwanangu. Habari hii haina haraka. Ni habari ya samaki wadogo na ya kosa langu, na nimeichagua kwa ajili yako kwa sababu naona jinsi unavyokunja uso ukisoma ujumbe wa simu, unavyoandika jibu, unalifuta, unaliandika tena. Nilikuwa hivyo hivyo. Pengine nilikuzidi.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke Chuo Kikuu. Nilifundisha baiolojia katika shule ya sekondari pembeni ya mji wa Sumbawanga, na hapakuwa na jambo nililoliacha lipite bila kulifikiria mara nne. Nikifunga mlango wa maabara, nilifika ofisi ya walimu kisha nikarudi kuutikisa kama kweli umefungwa. Barua ya mistari mitano kwa mama yangu niliiandika siku mbili. Na juu ya yote hayo nilikuwa mtu wa Kyela, kwenye joto na migomba, nimeletwa juu ya uwanda huu wa Ufipa ambako upepo wa Juni unapita kwenye vifungo vya shati. Wenzangu walivaa sweta moja, mimi nilivaa mawili.

Siku hiyo walimu na wanafunzi tulipelekwa kusaidia kubeba mizigo ya watu wanaohama. Kitongoji chenyewe kilikuwa kwenye bonde jembamba, nyumba kama kumi na mbili, kijito kikipita nyuma yake. Mizigo yote ilikuwa imekwisha kupakiwa: vinu, vitanda, kuku, magunia ya ulezi. Aliyebaki alikuwa Bibi Ferdinanda, mjane wa miaka sitini na kitu. Alikuwa amesimama ndani ya kijito, maji magotini, kitenge kimekunjwa, mkononi ana kikapu cha kuvulia.

"Bibi, panda twende, jua linapanda," dereva wa lori alimwita.

"Lipande. Mimi nina wenzangu sijawakusanya."

"Hao samaki wa kidole kimoja?" Dereva alicheka. "Huko uendako utaletewa dagaa wa ziwani, wakubwa kuliko hao."

"Dagaa ni wa kula. Hawa ni wa kwetu."

Alitoka majini na debe lenye samaki kumi na mmoja. Walikuwa jamaa ya perege, lakini wale wadogo wa vijito vya huku juu, hakuna aliyezidi urefu wa kidole cha kati. Aliweka debe chini karibu na gurudumu, akauliza, bila kumwangalia mtu mmoja hasa, "Huko mnakotupeleka kuna mto?"

"Kuna lambo, Bibi," mmoja wetu akajibu. "Litachimbwa."

"Litachimbwa," alirudia. "Na hawa watalisubiria wapi hilo litachimbwa?"

Mimi, ambaye hata salamu niliipima kabla ya kuitoa, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Nitawatunza mimi, Bibi. Kule shuleni. Nitawatunza na nitawazalisha, na lambo likijaa nitakuletea wengi kuliko hawa."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka masweta. "Wewe ni nani?"

"Mwalimu Lusajo."

"Unawajua samaki?"

"Nimesoma baiolojia, Bibi."

"Sikukuuliza hilo," alisema, na dereva akacheka mpaka akajifuta macho. Lakini Bibi alininyanyulia lile debe akanipa. Alilishikilia kidogo kabla ya kuliachia. "Nyumba nimeiacha. Kaburi la mzee wangu nimeliacha. Mwalimu, hawa ndio nilioweza kuwabeba."

Basi, mwanangu, nilirudi mjini nikiwa nimelipakata debe lile kama mtoto, na maneno yale yamenikaa kifuani.

Fundi seremala wa shule alinitengenezea tangi la kioo kwa vioo vya madirisha vilivyobaki kwenye ujenzi. Kingo alizifunga kwa fremu ya mbao na kuziziba kwa lami. Nilitandika mchanga, nikapanga mawe na majani ya mtoni, nikaliweka maabara mezani karibu na dirisha. Samaki walizunguka siku mbili kwa hofu, kisha wakazoea. Walikuwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia. Hata dume na jike ilikuwa vigumu kuwatofautisha. Nilinunua daftari jipya, nikachora mistari, nikaandika: tarehe, saa, joto la maji, chakula.

Ndipo Juni ikaingia. Wewe umezaliwa hapa, huwezi kujua baridi hiyo inavyompiga mtu wa bondeni. Asubuhi nilikuta vioo vya maabara vimefunga ukungu, na nilipoutia mkono kwenye tangi niliutoa haraka. Kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na saba. Chuoni nilisoma kuhusu perege wa Ziwa Tanganyika, wenye maji ya joto mwaka mzima, na kichwani mwangu samaki wa jamaa moja walikuwa na mahitaji mamoja. Nikasema, hawa wanakufa. Wanakufa mikononi mwangu, na yule bibi hana kingine.

Nikaanza kuwapasha moto. Kwanza niliweka taa ya chemni chini ya meza, na chini ya tangi bati la kusambaza joto. Kisha ikawa taa mbili. Kisha nikaleta jiko la mkaa, nikalifunika tangi kwa blanketi langu mwenyewe, likibaki tundu dogo la kuchungulia. Nilikuwa nikikimbilia maabara kila kipindi kilipokwisha kuangalia kipimajoto. Nilitaka nyuzi ishirini na sita, na nilizipata.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo na utani. Siku moja alisimama mlangoni, akanusa.

"Ndugu Lusajo, unawafuga au unawapika?"

"Nawafuga, Mkuu."

"Haya. Wakiiva utuite."

Alicheka peke yake akaenda zake. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikwisha kuona jambo ambalo sikutaka kuliandika kwenye daftari. Samaki walikula vizuri, ndiyo. Walizunguka mchana kutwa bila kutulia, wakigombana, wakinyofoana mapezi. Lakini rangi yao ilizidi kufifia hadi wakafanana na majivu. Hakukuwa na dalili yoyote ya kuzaa. Kisha wakaanza kuja juu kuvuta hewa, kwa kuwa maji ya moto hayashiki hewa kama maji ya baridi. Hilo nililijua kwa kulisoma na bado nikaongeza mkaa. Mmoja akafa. Nikahisi ni baridi imempata, nikaongeza taa. Akafa wa pili, na wa tatu, na wa nne.

Unaona, mwanangu? Kila mmoja alipokufa kwa moto wangu, dawa niliyoijua ilikuwa moto zaidi.

Mwezi wa saba Bibi Ferdinanda alikuja mjini na basi, akaulizia shule, akaletwa mpaka mlango wa maabara. Nilikuwa nimeinama napulizia jiko. Niliposimama nilikuwa na majivu usoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuja kuwaona."

Niliondoa blanketi. Alichungulia kwa muda mrefu sana. Kisha alikunja mkono wa gauni, akaingiza vidole majini, akavitoa, akanitazama.

"Nani kajifungua humu?"

"Sijaelewa, Bibi."

"Maji haya ni ya kumkandia mzazi. Ndiyo nauliza, nani kajifungua?"

"Bibi, ni kwa sababu ya baridi..."

"Baridi kwa nani?"

Alinishika ukingo wa mkono wa sweta, akauvuta taratibu. "Moja," alihesabu. Akauvuta wa ndani yake. "Mbili. Na hii ya tatu?"

"Hiyo ni fulana, Bibi."

"Anayesikia baridi ni wewe. Umewavalisha samaki wangu masweta yako."

Nimepata makaripio mengi katika maisha yangu, mengine ya sauti kubwa mbele za watu. Hakuna lililonifika kama hilo, na alilisema kwa sauti ya mtu anayemfunga mtoto vifungo.

Kisha akahesabu waliomo. "Wengine wako wapi?"

"Wamekufa, Bibi. Wanne. Nimewazika bustanini, nyuma ya maabara."

Alivuta stuli akakaa. Nilisikia wanafunzi wa darasa la jirani wakisoma kwa pamoja, na mkaa ukilia ndani ya jiko. Alipoanza kuzungumza hakuzungumzia wale waliokufa.

"Kule kwetu, maharage yakishavunwa, mwanamke hatii kikapu mtoni tena. Ni mwiko. Maji yanakuwa ya kuuma meno. Samaki wanashuka chini penye majani yaliyooza, wanatulia huko. Hawali, hawagombani. Ukiwaona utasema wagonjwa. Binti akitia kikapu miezi hiyo, mama zetu walimfinya sikio, wakamwambia, unamwamsha nani? Tunawaacha. Halafu miti ya mlimani ikianza kutoa majani mekundu, kabla mvua haijanukia, ndipo madume yanavaa."

"Yanavaa nini, Bibi?"

"Midomo ya bluu kama wino wako huo. Kifua cha dhahabu. Na huku nyuma chini, kwenye pezi, doa jekundu kama kaa la moto. Utafikiri wameletwa kutoka kwingine. Hapo wanachimba vitanda vyao, wanazaa, na sisi tunangoja tena mpaka watoto wakue." Akaelekeza kidole kwenye jiko. "Lakini usipowapa baridi, Mwalimu, watajuaje kwamba imekwisha?"

Unadhani nilielewa? Nilichukua kalamu.

"Nishushe nyuzi ngapi kwa siku, Bibi?"

"Nyuzi sizijui."

"Nianze lini? Na iwe kwa wiki ngapi? Na kama wakishindwa kula kabisa, je..."

"Mwalimu."

"Naam, Bibi."

"Zima jiko."

Sikulizima siku hiyo hiyo, na katika hilo sikukosea. Samaki aliyezoea maji ya moto ukimtupa ghafla kwenye baridi atakufa kwa mshtuko. Hata kwenye kijito chao baridi huingia kidogo kidogo, asubuhi moja baada ya nyingine. Nilitoa jiko kwanza. Baada ya siku nne nikatoa taa moja, kisha ya pili. Nikalikunja blanketi, nikarudi kujifunika mwenyewe. Nilipunguza chakula kadiri walivyopunguza kula, mpaka ikawa chembe chache mara mbili kwa wiki, na kilichobaki nilikiondoa kisije kikaozesha maji. Mwisho wa mwezi maji yalikuwa nyuzi kumi na nne asubuhi.

Na wale samaki saba wakafanya kama Bibi alivyosema. Walishuka chini, wakalala juu ya mchanga kati ya majani, mapezi yamekunjwa. Nilikaa mbele ya kioo nikiangalia mashavu yao yakifunguka na kufungika, polepole mno, na kila mara nilihesabu kimoyomoyo mpaka pumzi nyingine. Nilitaka kugonga kioo. Nilitaka tu wasogee kidogo nijue. Mwanangu, kuangalia kitu unachokipenda kikiwa kimetulia namna hiyo, na wewe usikiguse, ni kazi ngumu kuliko kuchochea mkaa.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Agosti nilikuta mmoja amelala ubavu. Nilimtoa kwa kijiko. Wakabaki sita.

Nilisimama nikiwa na kiberiti mkononi. Taa zilikuwa palepale chini ya meza, bado zina mafuta. Nikajiambia: yule ni mwanamke wa kijijini, hajapima chochote maishani mwake, na wewe una shahada. Nikajiambia tena: wewe mwenye shahada umeua wanne. Nilitoa njiti, nikairudisha. Nikaitoa tena. Mwishowe niliomba ruhusa kwa Mkuu, nikapanda basi la kuelekea Laela, kiberiti kikiwa mfukoni.

Kijiji kipya kilikuwa safu mbili za nyumba zilizonyooka kama mistari ya daftari. Bibi Ferdinanda alikuwa amekaa nje ya nyumba yake kwenye kigoda, anapukuchua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Nyuma ya nyumba niliona matuta makubwa ya mviringo, yale ambayo Wafipa huyaita ntumba, nyasi zimefukiwa ndani yake zioze. Aliyainua wiki ile ile aliyofika, udongo ungali na unyevu, wakati majirani wakiangalia wapi pa kuweka vitanda.

"Shikamoo, Bibi. Umepanda nini pale?"

"Marahaba. Nimefukia majani."

"Kwa hiyo bado hujapanda."

"Nimefukia majani, Mwalimu," alisema tena, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia.

Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. "Bibi, mmoja amekufa leo."

Vidole vyake vilisimama. "Waliobaki wanapumua?"

"Wanapumua."

"Maji masafi?"

"Masafi. Ninayabadilisha kidogo kila baada ya siku tatu."

"Basi." Vidole vikaanza tena.

Nilitaka kuuliza mengine ishirini, lakini mwenyekiti wa kijiji alipita njiani akiwa na baiskeli, akapaza sauti, "Bibi Ferdinanda! Leo jioni kuna ngoma, utoke! Usijifungie!" Bibi akainua mkono kumwitikia, naye akaenda zake akipiga kengele.

"Mtu mwema yule," Bibi alisema. "Wote hapa wema. Kila anayepita ananiambia, changamka. Jana dada wa jirani kaniletea redio nisikilize. Nimesikiliza mpaka betri zimekwisha, nikamrudishia." Alipeta ungo, maganda yakaruka. "Nawashukuru. Ila mimi nimeshuka chini kidogo, Mwalimu. Sijafa. Nitapanda mwenyewe."

Nilimtazama wakati ule, mwanangu, nadhani kwa mara ya kwanza. Miezi mitatu nilikuwa nimembeba kichwani kama ahadi niliyoogopa kuivunja. Sikuwa nimewaza kwamba yeye mwenyewe alikuwa na baridi yake.

"Nikufanyie nini, Bibi?"

"Kaa hapo. Nyamaza."

Alinisogezea rundo la maharage. Tulipukuchua pamoja mpaka basi la kurudi lilipopiga honi barabarani, na sidhani kama tulisema maneno kumi. Sikumbuki mchana mwingine katika ujana wangu nilioketi bila kuwaza jambo linalofuata. Ndani ya basi utingo alikuwa anatafuta moto wa kuwashia sigara. Nilimpa kiberiti changu, nikamwambia abaki nacho.

Sikuwasha tena.

Mwishoni mwa Agosti jua lilianza kuingia kwa dirisha mapema zaidi na kukaa zaidi. Maji yalipanda yenyewe: kumi na sita, kumi na nane, ishirini. Miti ya vilima vya upande wa Mbizi ilitoa majani mekundu bila tone la mvua, na nilipoyaona nilisimama njiani nikacheka kama mwendawazimu. Samaki waliinuka kutoka chini. Walikuwa na njaa. Niliwapa viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa la bustani, kidogo asubuhi na kidogo jioni, nikayabadilisha maji mara nyingi zaidi.

Siku moja ya Septemba nilikuwa namfafanulia mwanafunzi mchoro wa moyo, nikageuza macho mezani, nikasahau nilichokuwa nasema. Pale katikati ya tangi alikuwepo samaki ambaye sikuwahi kumwona. Midomo bluu. Kifua kama shaba iliyosuguliwa. Na kwenye pezi la chini, doa jekundu. Nyuma yake wa pili, naye anajitanua mapezi kumjibu.

Nilimwita Mkuu. Alikuja, akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Ndugu Lusajo, hawa ni wale wale?"

"Ni wale wale, Mkuu."

"Umewapaka rangi."

"Sijawagusa."

Alibaki ameinama, utani wote umemtoka. "Lo," alisema. "Kumbe walikuwa nayo."

Wiki ile dume mkubwa alichimba shimo la mviringo mchangani kwa mdomo wake. Jike mmoja alizunguka naye, akataga, akayaokota mayai kinywani, kama ilivyo desturi ya jamaa yao, akajitenga pembeni, koo limevimba, asile chochote. Siku ya tatu nilitamani kumfungua mdomo nihesabu. Nakiri. Nilikwisha kulowesha mkono. Nikaukausha kwa leso, nikaenda kusahihisha madaftari. Baada ya wiki mbili hivi alifungua mdomo, na wakatoka watoto wadogo kama punje za ulezi zenye macho. Kivuli changu kilipowapitia, wote walikimbilia tena kinywani mwake, akafunga. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikakaa sakafuni, nikalia. Sioni haya kukwambia.

Kabla ya mvua kubwa wote wa kike walikuwa wamezaa. Lambo la kijiji lilichimbwa kweli, na kufikia Februari lilikuwa limejaa, nyasi zimeanza kuota kingoni. Nilikwenda na ndoo nne kwenye lori la kijiji. Bibi Ferdinanda alikuwa ananingoja. Nyuma ya nyumba yake matuta yalikuwa yamefunikwa na maharage yenye maua, na mwili ulikuwa umemrudia.

Sikumpa maelezo yoyote, wala sikulifungua daftari. Aliingia majini mpaka magotini, akaizamisha ndoo ya kwanza nusu, akaiacha ielee hivyo kwa muda ili maji ya ndani na ya nje yazoeane. Kisha akaiinamisha taratibu. Samaki walitoka mmoja mmoja, wakasita, wakapotea kwenye kivuli cha nyasi. Akafanya hivyo kwa ndoo zote nne. Mwishoni aliinama karibu na maji, akasema nao kwa Kifipa, maneno mengi, kwa sauti ya chini ya mtu anayewaonyesha wageni mahali pa kulala.

Mimi sikukijua Kifipa wakati ule. Mwenyekiti alikuwa kando yangu, angeweza kunitafsiria. Sikumwomba. Yalikuwa mazungumzo yao.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka.

Sikwambii uyaache mambo yako yajiendeshe. Mimi sikuwaacha wale samaki. Niliyasafisha maji yao, niliwapunguzia chakula kwa kipimo, niliwaangalia kila siku. Wala sikwambii kwamba kila kiumbe kinataka baridi. Wale perege wa Ziwa Tanganyika niliosoma habari zao, ukiwafanyia hivi utawaua ndani ya wiki. Kwanza ujue ulichonacho kimetoka maji gani. Uliza mtu aliyekaa nacho. Usiulize hofu yako, kwa maana hofu hujibu upesi sana, na hujibu moto.

Mtu unayempenda akinyamaza, mpenzi au rafiki au hata mimi mzee wako, usimrundikie mkaa. Jiulize baridi hiyo ni ya nani. Mara nyingi utakuta ni yako, nawe umemvalisha yeye sweta. Kaa naye. Pukuchua maharage. Muulize kama anapumua na kama maji yake ni masafi, kisha nyamaza.

Na ukijiona wewe mwenyewe umeshuka chini, kazi haijapatikana, moyo hauna hamu, rangi imekutoka na kila anayepita anakwambia changamka, usiogope kama nilivyoogopa mimi. Si lazima uwe mgonjwa. Pengine ni Juni yako tu, na kuna mengi ndani yako ambayo bado hayajaambiwa kwamba ni wakati. Pumua. Kula kidogo. Ukiona yamezidi, njoo kwangu, mlango ninaufunga mara moja tu siku hizi.

Mungu akupe maji yanayokufaa, mwanangu, ya baridi kwa muda wake na ya joto kwa muda wake. Akupe mtu wa kukaa karibu nawe bila kukugongea kioo. Na siku utakapovaa rangi zako, nami nikiwepo au nisiwepo, wanaokupenda wainame wakuangalie kwa karibu, waone kwamba ni wewe yule yule.